"Slit" na "slot": kisu kimepita, au kipande kimeondoka?

Swali kutoka Ngamiani, Tanga: "Nafundisha vijana wa useremala na ushonaji. Maelekezo yetu mengi ya kazi yameandikwa kwa Kiingereza, na maneno mawili yanatusumbua kila muhula: 'slit' na 'slot'. Kamusi tulizonazo zinayapa yote mawili tafsiri ileile, mwanya au tundu jembamba. Vijana wamekariri kwamba 'slit' ni nyembamba na 'slot' ni pana. Je, ni kweli? Na kuna karatasi ya kutengeneza kisanduku inayosema nipitishe ulimi A kwenye 'slit' B, kisha ukurasa wa pili inauita uwazi uleule 'slot' B. Tufuate lipi, na kwa Kiswahili tuandike nini ubaoni?"

Mwalimu, kanuni hiyo ya wembamba na upana waambie vijana waiache. Inashika mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu aiamini, kisha inamwangusha siku ya kazi. Chukua bomba la kichujio, lile linaloteremshwa kwenye kisima kirefu ili maji yaingie na mchanga ubaki nje. Ubavuni mwake hukatwa mistari mingi ya uwazi, na upana wa kila mmoja mara nyingi ni nusu milimita, au milimita moja hivi. Ukucha haupiti. Hata hivyo wachimba visima huuita uwazi huo "slot", na vipimo vyake vinauzwa kwa jina hilohilo: namba 20 maana yake ni uwazi wa sehemu 20 za elfu moja za inchi, yaani nusu milimita. Sasa geukia sketi. Mpasuo wake unaweza kufunguka kiganja kizima mvaaji anapopiga hatua, na Kiingereza kinauita "slit". Wembamba si hoja.

Hoja iko kwenye maswali mawili. Uwazi ulipotengenezwa, kuna kitu kiliondoka? Na je, umepimwa ili kitu fulani kikae au kipite humo?

"Slit" ni njia ya kisu. Makali yamepita, kitambaa au ngozi au karatasi imeachana, na kingo mbili bado zinaweza kurudiana zikagusana kama zamani. Chini hakuna kilichodondoka cha kufagia. "Slot" ni nafasi. Kipande kimetolewa, kingo haziwezi tena kukutana, na uwazi uliobaki una urefu wake, upana wake na ncha zake mbili, vyote kwa kipimo.

Kiswahili chenyewe kina jozi inayowasaidia vijana kuliona jambo hili haraka, ingawa si tafsiri ya jozi ya Kiingereza. Mtu mwenye mwanya hajapoteza jino. Meno yake mawili ya mbele yameachana tu, na watu humsifia. Mwenye pengo amepoteza jino. Hakuna mzungumzaji wa pwani anayeyachanganya maneno hayo, na hakuna anayetumia rula kuyatofautisha: mwanya unaweza kuwa mpana na pengo likawa dogo. Tunachotazama ni kama kuna kilichoondoka. Ukianza somo hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye viwanda vya maboksi. Humo kuna kazi mbili zenye majina yanayotokana na maneno haya, na hakuna anayezikosea kwa sababu kosa lingeharibu mzigo wote. Karatasi ngumu inapotoka pana sana, hupitishwa kwenye visu vya mviringo vinavyoigawa kwa urefu ikawa vipande viwili au vitatu. Hiyo ni "slitting": karatasi imegawanyika, hakuna kilichopotea katikati. Baadaye vipande hupelekwa kwenye mashine ya pili ili vifuniko vinne vya juu na vinne vya chini viweze kukunjwa kila kimoja peke yake. Ili vifuniko visisuguane kwenye kona, mashine hung'oa ukanda mwembamba wa karatasi kati ya kifuniko na kifuniko. Hiyo ni "slotting", na chini ya mashine hiyo kuna lundo la vijiti vya karatasi vilivyokatwa. Chukua boksi lolote la sabuni dukani, lifungue juu, utaona kwamba kati ya kifuniko na kifuniko kuna nafasi kidogo iliyo wazi. Ungepitisha kisu tu, vifuniko vingebanana na pembe zingechanika mara ya kwanza kukunjwa.

Vitenzi vyake vinaonyesha tofauti hiyo kwa nguvu zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wanapofanya makosa mabaya kuliko kwenye majina. Kutenda "slit" ni kupasua au kuchana kwa mstari: bahasha, samaki, gunia. Kutenda "slot", nje ya ile "slotting" ya kiwandani, mara nyingi hakuna kisu ndani yake. Ni kuchomeka kitu mahali pake: kadi ndani ya simu, rafu ndani ya kabati, ulimi wa ubao ndani ya tundu lake. Maelekezo yakisema "slot the panel into place" na kijana akachukua msumeno, ameharibu ubao uliokuwa tayari. Kuna ugumu mwingine mdogo: karakana za chuma hutumia umbo la "slotted" kwa maana ya kitu kilichotobolewa nafasi za namna hiyo, kwa hiyo "slotted bracket" ni bamba lenye matundu marefu, si bamba lililochomekwa mahali. Kitenzi "slit" nacho kina tabia ya kutobadilika: leo, jana na kilichokwisha kutendwa vyote ni "slit". Kijana akiandika "slitted" kama wakati uliopita, msahihishe, ijapokuwa umbo hilo huonekana likitumika kama kivumishi.

Asili ya neno haiamui matumizi ya leo, lakini kwa maneno haya inakubaliana nayo vizuri. "Slit" ni la ukoo wa lugha za Kigermanik, ambamo Kiingereza chenyewe kimo, ndugu wa maneno yenye maana ya kurarua na kupasua. Lilianza kama tendo. "Slot" liliingia kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo katika Kiingereza ilikuwa kile kibonde cha katikati ya kifua. Lilianza kama mahali penye uwazi wa kuweza kubeba kitu. Karne nyingi zimepita, na moja bado linanusa kisu, jingine bado linanusa nafasi.

Sasa nikupe mifano inayokataa kutii, maana mwanafunzi mwerevu atakuletea na lazima uwe na jibu.

Tundu la kifungo ndilo la kwanza. Limetengenezwa ili kifungo kipite, limepimwa, kwa hiyo kwa swali la pili lingekuwa "slot". Kiingereza hata hivyo hulieleza kama "slit", kwa sababu swali la kwanza ndilo lenye nguvu zaidi: kitambaa kimepasuliwa, hakikutolewa kipande, na kifungo kikichomoka kingo zinafumba. Yakigongana maswali mawili, fuata la kwanza kwa vitambaa, karatasi, ngozi na nyama. Kwa chuma, mbao na plastiki ngumu maswali hayagongani mara nyingi, kwa kuwa vitu hivyo kwa kawaida hukatwa kwa msumeno au keekee, navyo hutoa unga au kipande.

Mpasuo wa sketi una ushahidi wa ajabu zaidi. Mara nyingi haukatwi kabisa. Fundi huunga mshono kutoka kiunoni hadi juu ya goti, kisha huacha sehemu iliyobaki bila kuungwa, akakunja kingo na kuzishona. Kisu hakikupita, na bado ni "slit", kwa kuwa sifa yake yote ipo: kingo mbili zinazokutana mtu anaposimama, zinazoachana anapotembea.

Ni hivyo hivyo kwa papa. Kila ubavu wa kichwa chake una mipasuo mitano ya kutolea maji yaliyokwisha kupita kwenye matamvua. Wapo papa wachache wenye sita au saba. Samaki taa anayo tumboni, upande wa chini. Changu na nguru hawanayo, kwani matamvua yao yamefunikwa na kifuniko kimoja cha mfupa kila upande. Kiingereza huiita mipasuo ya papa "gill slits". Hakuna aliyeikata, lakini inafumba na kufumbuka na hakuna kinachochomekwa humo.

Mgumu kuliko yote ni mwanga. Katika fizikia kuna jaribio mashuhuri la Thomas Young wa Uingereza, la mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo mwanga hupitishwa kwenye penyo mbili nyembamba zilizo jirani, ukatoa michirizi ya mwangaza na giza kwenye ukuta wa mbele. Penyo hizo hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Zikizidi upana, michirizi inafifia na jaribio linakufa. Zimepimwa, kingo zake hazikutani, na bado ni "slits". Kwenye kliniki za macho kuna chombo ambacho Allvar Gullstrand wa Sweden alikionyesha mwaka 1911, kinachomulika jicho kwa ukanda mwembamba wa mwanga ili daktari aone tabaka za sehemu ya mbele ya jicho kama anayetazama mkate uliokatwa vipande. Nacho huitwa "slit lamp". Kuta za ngome za zamani za Ulaya zilikuwa na uwazi mrefu wa kusimama, mwembamba nje na mpana ndani, wa kulengea mshale: "arrow slit". Hapa inabidi tuongeze neno moja kwenye kanuni. Kinachopita kikiwa ni mwanga, jicho au mshale wa mlinzi aliyejificha, Kiingereza huchagua "slit". Kikiwa ni kitu chenye unene kinachotiwa hapo kwa mkono, kama sarafu, barua, kadi au bolti, huchagua "slot". Bomba la kisima na mwiko wenye matundu marefu wa kuopolea maandazi vimebaki upande wa "slot" kwa sababu ni matundu yaliyotolewa kwa mashine, yote sawa, kwa namba.

Karakana ya chuma ina ubishi wake mmoja: msumeno mwembamba wa mviringo wa kukatia mifuo huitwa "slitting saw" ingawa unatoa chembe za chuma kama msumeno wowote. Jina hilo limetokana na kazi yake ya kugawa kipande kiwe viwili. Likumbuke, usilijengee kanuni.

Tuje kwenye Kiswahili. Kosa la kamusi nyingi ni kutafuta neno moja kwa kila neno, kisha kuishia kwenye "mwanya" kwa yote. Mwanya ni nafasi kati ya vitu viwili vinavyojitegemea: meno, mbao mbili, mlango na fremu yake. Hiyo kwa Kiingereza ni "gap" zaidi kuliko yale mawili yetu. Hata uwazi kati ya mbao za jahazi, unaozibwa kwa kalafati kule Bagamoyo na Pangani, si "slit" wala "slot"; Kiingereza huuita mshono. Ufa nao hautufai, maana ufa hujitokeza wenyewe na ni ubovu. Ukuta ukiwa na ufa, mtu huuziba.

Kwa "slit" tunalo neno zuri na lililokwisha kuzoeleka vyerehanini: mpasuo. Linabeba kitenzi chake, linabeba kisu chake, na fundi yeyote wa Tanga ukimwambia sketi yenye mpasuo hakuulizi mara mbili. Kwa nyama na samaki, mchano au kuchanja ni sahihi zaidi, hasa pale mkato usipofika upande wa pili: samaki anachanjwa ubavuni ili chumvi, ndimu na tangawizi viingie, ila anapasuliwa tumbo ili atolewe utumbo. Kiingereza kingesema "score" kwa la kwanza na "slit" kwa la pili, kwa hiyo Kiswahili hapa kina usahihi uleule. Kwa mwanga na macho, tumia upenyo. Neno limetoka kwenye kupenya, na hicho ndicho mwanga unachofanya.

Kwa "slot" sioni faida ya kulazimisha neno moja. Kiswahili huuita uwazi wa aina hii kwa kazi yake, na hiyo ni nguvu, si upungufu. Kibubu kina tundu la kutumbukizia sarafu. Sanduku la kura lina tundu la kutumbukizia karatasi. Mashine ya benki ina mahali pa kuchomekea kadi. Mara nyingine hatutaji tundu kabisa, tunataja kinachoingia: simu yenye nafasi mbili tunaiita simu ya laini mbili na kila mtu ameelewa. Neno "tundu" ni pana vya kutosha. Lina tundu la sindano, tundu la ufunguo, tundu la kuku, hata shule zetu huhesabu vyoo kwa matundu, yaani nafasi zilizotengwa za mtu mmoja mmoja. Linabeba ule ukaaji ulio ndani ya "slot". Tatizo lake ni kwamba ukilisema peke yake, msikilizaji huona duara. Kwa hiyo ubaoni andika "tundu refu la kuchomekea", na kwenye bamba la chuma "tundu refu la bolti". Kitenzi kiwe chomeka, tumbukiza au pachika: kadi huchomekwa, sarafu hutumbukizwa, ulimi wa ubao hupachikwa. Mifuo ya kichwa cha skrubu ina hali yake. Kiingereza husema "slotted screw" kwa skrubu yenye mfuo mmoja, na fundi wetu husema skrubu ya bisibisi bapa, dhidi ya ile ya bisibisi nyota. Waachie lugha yao. Ni sahihi na fupi.

Kuna pia "slot" isiyo na kitu cha kushikika: nafasi kwenye ratiba, kwenye redio, kwenye timu. "Slit" haina maana kama hiyo hata moja, na hilo nalo linakuonyesha ni lipi kati yao lenye nafasi ndani yake. Kwa Kiswahili usiandike tundu hapo. Kwenye foleni ni zamu, kwenye ratiba ni nafasi, kwenye mpira ni namba: mchezaji amepata namba.

Kwa kuwa wanafunzi wako ni mafundi, tofauti hii itakaa vichwani ikipitia mikononi. Waache maseremala watengeneze "slot" moja ya maana: tundu refu la skrubu inayoshikilia ubao wa juu wa meza. Ubao hupanuka na kusinyaa kukata nyuzi, si kufuata urefu wa nyuzi. Masika ikija na unyevu, ubao wa mtiki wenye upana wa sentimita 60 hunenepa. Kaskazi ikivuma na jua kali, hunyauka. Mabadiliko ni milimita kadhaa, na zinatosha kupasua meza iliyofungwa kwa skrubu kwenye matundu ya duara yanayobana.

Kwa skrubu ya milimita 4, tundu refu liwe na upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 12. Tundu hilo hukatwa kwenye kipande cha fremu kinachopokea skrubu kutoka chini. Piga mstari unaokata nyuzi za ubao wa juu, si nyuzi za kipande chenyewe. Hapa wengi hukosea: wakifuata nyuzi za kipande kilichoko mkononi, tundu linaweza kuelekea upande usiosogea, na kazi yote ni bure. Weka alama mbili zilizoachana milimita 7 kutoka kati hadi kati. Toboa kwa keekee ya milimita 5 kwenye kila alama. Ondoa kilichobaki katikati kwa patasi nyembamba, kisha lainisha kwa tupa. Usijaribu kutoboa tundu la tatu katikati: ncha ya keekee itateleza kuelekea tundu lililokwisha kutobolewa na kingo zitaharibika. Ziache ncha za duara kama zilivyo. Pembe za mraba ndipo ubao unapoanza kupasuka. Tia skrubu katikati ya tundu ikiwa na washa chini ya kichwa, ikaze hadi ishike, kisha simama. Ukiikaza hadi washa inazama kwenye ubao, umeifunga isisogee, na "slot" yako imegeuka tundu la kawaida.

Kijana aliyesoma "slot" akaelewa "slit" atapitisha msumeno mstari mmoja wa milimita 12. Upana wa njia ya msumeno ni milimita moja au moja na nusu. Skrubu haingii, anaigonga kwa nyundo, nyuzi zinaachana, na sasa ana ufa. Maneno matatu kwenye kipande kimoja cha mbao.

Washonaji nao wafanye "slit" kupitia tundu la kifungo. Kwa kifungo bapa, urefu wa mpasuo ni kipenyo cha kifungo pamoja na unene wake: kifungo cha milimita 15 chenye unene wa 3 kinataka mpasuo wa milimita 18. Kushona kunatangulia kukata. Shona kingo zote mbili kwa mshono wa zigizagi, funga ncha mbili kwa mishono michache ya kupita, kisha choma pini kukatisha kila ncha. Pasua kwa wembe mkali kuanzia katikati kuelekea pini. Bila pini, wembe hupitiliza ukakata ule mshono wa ncha, na hapo mpasuo unaanza kusafiri kila nguo inapovaliwa. Wakikata kwanza na kushona baadaye, nyuzi zinafumuka na kingo zinavutika zikawa na mawimbi. Ni vyema wajaribu kwanza kwenye mabaki ya kitambaa kilekile, kwa idadi ileile ya tabaka.

Ncha ya mpasuo ndiyo adui wa kila aina ya "slit", na hili liseme kwa vijana wote. Nguvu yote ya kuvuta hukusanyika kwenye ile nukta ya mwisho. Mshonaji huifunga kwa mshono, fundi plastiki au bamba hutoboa kitundu kidogo cha duara mwishoni mwa mpasuo ili nguvu isambae. "Slot" iliyotengenezwa vizuri tayari ina duara kila mwisho, kwa hiyo huchanika kwa shida zaidi.

Ukitaka zoezi la tatu, wapime kibubu. Upana wa tundu ni unene wa sarafu nene kuliko zote pamoja na milimita moja. Urefu ni kipenyo cha sarafu kubwa kuliko zote pamoja na milimita 3. Likizidi hapo, sarafu hutoka kwa kupindua kibubu na kuchokora kwa kisu.

Kwenye matamshi, waangalie irabu tu. "Slit" ina irabu fupi, na Mswahili huelekea kuivuta. Ya "slot" iwe o iliyo wazi. Ikiteleza kuelekea a, linatoka tusi kwa wanawake, na kijana atajikuta amelisema mbele ya mteja bila kujua.

Nimalizie na kisanduku chako. Waandishi wa maelekezo ya kukunja karatasi huchanganya maneno haya kwa sababu kinachoingia ni ulimi, na ulimi huwavutia kwenye "slot", huku kilichokatwa ni mstari mmoja, unaowavutia kwenye "slit". Neno likisitasita, mchoro hausitasiti. Tazama B kwenye mchoro. Ikiwa ni mstari mmoja, ni mpasuo: pitisha kisu mara moja, urefu uwe upana wa ulimi pamoja na milimita moja, usitoe kitu. Kwa karatasi nyembamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana kingo zinaubana ulimi na kuuzuia usichomoke. Ukitoa kipande, kisanduku kitafunguka chenyewe. Ikiwa B ni mistari miwili iliyofungwa kwenye ncha, mstatili mwembamba, ni tundu refu la kuchomekea: kata pande zote nne na ung'oe kipande cha kati. Upana wake ulingane na unene wa karatasi, na kwa karatasi ya boksi yenye unene wa milimita 3 hakuna njia nyingine, kwani mpasuo mtupu utavimba na kuchanika ncha. Ubaoni andika, kwa mchoro wa kwanza, "Pitisha ulimi A kwenye mpasuo B", na kwa mchoro wa pili, "Chomeka ulimi A kwenye tundu B".